Mbiu na Jambo

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Vitabu vya shule huieleza methali hii kwa upande wa msikilizaji. Mtu akisikia mbiu hana budi kuacha jembe lake na kwenda kusikiliza, maana mbiu haipigwi bure. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya maana. Nusu ya pili inamhusu mpiga mbiu. Ikiwa watu wote wa kijiji wataacha kazi zao kwa sababu ya sauti ya pembe, basi yule mwenye pembe ana deni kwao: asiipulize mpaka jambo liwepo. Methali haisemi kwamba mbiu ikilia jambo litakuja, au huenda likaja. Inasema kuna jambo. Jambo limetangulia, mbiu imefuata.

Swali ninalotaka kulitafakari ni hili: je, mpangilio wa mambo, yaani lipi lianze na lipi lifuate, ni suala la utaratibu tu, au ni suala la haki? Wengi wetu huuhesabu mpangilio kuwa ni kazi ya makarani. Mtu akisema kweli, na akatenda alichosema, tunaona amemaliza wajibu wake, hata kama alitanguliza la nyuma na kuliacha nyuma la mbele. Mimi naona sivyo. Naona kwamba mtu anaweza kusema kweli, akatenda kila alichokusudia, na bado akamdhulumu mwenzake kwa kuvuruga mpangilio tu.

Mfano ulio wazi kupita yote nimeupata mahali ambapo mzee wa umri wangu hatarajiwi kuutafuta, nao ni ndani ya kompyuta. Nina mjukuu anayesomea mambo hayo Dar es Salaam. Alipokuja likizo alinikuta nikisuluhisha ugomvi wa ndugu wawili, akacheka kama wajukuu wanavyowacheka babu zao, akasema, "Babu, ugomvi wa nani katangulia hata mashine wanao." Nilimwambia akae anieleze. Alikaa siku tatu, na kila alipotumia neno nisilolijua nilimrudisha nyuma, kama nilivyokuwa nikiwarudisha wanafunzi wangu.

Nitaeleza nilivyoelewa, kwa lugha ya ofisi ya shule. Kompyuta ya leo, hata hizi simu tunazobeba mfukoni hapa Likawage, kwa kawaida haina mfanyakazi mmoja ndani yake. Ina kadhaa, wanne au wanane au zaidi, nao hufanya kazi kwa wakati mmoja. Wataalamu huwaita viini vya prosesa; mimi nitawaita makarani. Makarani hawa wanatumia rejista moja kubwa, ambayo ndiyo kumbukumbu ya mashine. Anachoandika mmoja, mwingine huweza kukisoma. Mpaka hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni kwamba rejista iko mbali. Iko mbali kwa kipimo chao, si kwa kipimo chetu. Lakini kuingojea mara moja huweza kumpotezea karani mapigo mia moja au zaidi ya saa yake, na katika mapigo hayo angeweza kufanya kazi nyingi. Kwa hiyo kila karani amepewa kijidaftari chake pembeni. Anapotaka kuandika jambo, huliandika kwanza kwenye kijidaftari, akaendelea na kazi, na baadaye kidogo jambo lile huhamishiwa kwenye rejista. Katika aina nyingi za mashine, zikiwamo zile zilizomo ndani ya simu nyingi za leo, mambo hayahamishwi lazima kwa mpangilio ule ule yalivyoandikwa. La pili huweza kutangulia la kwanza. Tena yupo kompaila, yaani programu inayofasiri maneno ya binadamu kuwa maneno ya mashine, naye ana ruhusa ya kupangua kazi akiona kwamba itakwenda haraka zaidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba karani mwenyewe haoni tofauti yoyote. Kila akitazama kazi yake, anaiona imepangika sawasawa, la kwanza kwanza na la pili pili. Mashine imeundwa hivyo makusudi: mtu akifanya kazi peke yake, mabadiliko yale hayamdhuru. Ni pale tu anapotazamwa na mwingine ndipo mvurugo unapoonekana. Nilipofika hapo nilimwambia mjukuu wangu kwamba hata kama asingeniambia la zaidi, hilo moja lingetosha kuandikwa. Mangapi katika maisha yetu tunayaona yamepangika kwa sababu tu tunayatazama kutoka ndani?

Sasa chukua kazi rahisi ya makarani wawili. Wa kwanza ameambiwa: weka barua ndani ya sanduku, kisha pandisha bendera. Wa pili ameambiwa: tazama bendera, ukiona imepanda, fungua sanduku usome barua. Hakuna mpango ulio wazi kuliko huo. Lakini kwa sababu ya vijidaftari, habari ya bendera huweza kufika kwenye rejista kabla ya habari ya barua. Karani wa pili anaiona bendera, anafungua sanduku, anakuta karatasi ya jana. Anasoma ya jana akidhani ni ya leo, na anatenda kwa kuifuata. Je, nani amesema uongo? Hakuna. Barua iliandikwa kweli. Bendera ilipandishwa kweli. Hata hivyo mtu amepotoshwa.

Ipo shida nyingine ngumu zaidi. Makarani wawili wanataka kuingia chumba chenye nafasi ya mtu mmoja. Wamepatana kwamba kila mmoja aandike kwanza jina lake kwenye rejista, kisha atazame kama mwenzake ameandika. Akikuta mwenzake hajaandika, aingie. Kila mmoja anaandika, jina linakaa kwenye kijidaftari, anatazama rejista, anaona patupu, anaingia. Wamegongana ndani. Ndugu msomaji, yachukue matendo yao manne, kuandika kuwili na kutazama kuwili, uyapange katika foleni moja kwa namna yoyote upendayo, ukihakikisha tu kwamba kila mmoja aliandika kabla ya kutazama. Hutapata foleni hata moja inayoeleza jinsi wote wawili walivyoona patupu. Mwaka 1979 mtaalamu wa Kimarekani, Leslie Lamport, aliandika kipimo cha kuaminika kwa mashine ya makarani wengi: matokeo yake yafanane na ya kazi iliyofanywa katika foleni moja, kila karani akibaki na mpangilio wake. Mashine nyingi tulizonazo, zikiachiwa zenyewe, hazifikii kipimo hicho.

Wataalamu walipambana na jambo hili kwa miaka mingi. Kwanza walihakikisha kwamba bendera yenyewe ni tendo la atomiki. Neno hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kisichogawanyika: hakuna atakayeiona bendera ikiwa nusu juu, nusu chini. Lakini waligundua kwamba uzima wa bendera hautoshi. Bendera nzima, safi, iliyopanda mpaka juu, bado huweza kuonekana kabla ya barua. Basi wakaweka pia kanuni za mpangilio. Lugha ya Java ilirekebishiwa kanuni zake mwaka 2004, na lugha ya C++ ikapata zake mwaka 2011.

Kanuni zile zina majina ambayo nimeyafasiri kwa Kiswahili changu. Ya kwanza ni kuachilia: karani anapandisha bendera kwa namna ya kusema, yote niliyoyaandika kabla ya hapa yaonekane kwa kila atakayeiona bendera hii. Ya pili ni kutwaa: karani anayetazama bendera anajifunga kwamba hatasoma lolote linaloitegemea mpaka awe ameiona. Na hapa kuna fundisho. Mmoja akiachilia na mwingine asitwae, haisaidii, kwa sababu makarani hawa wana tabia ya kukisia. Huweza kuwa wamelifungua sanduku mapema, kwa kubahatisha kwamba bendera itakuwa imepanda. Mwaminifu mmoja hatoshi. Mpangilio ni mkataba wa watu wawili.

Sisi watu wa Kilwa hatuna haja ya mashine ili kujua gharama ya mbiu na jambo kupishana. Vilima vya Umatumbi vimo katika wilaya yetu, na huko ndiko vita vya Maji Maji vilikoanzia. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianza kuwagawia watu maji ya dawa na kuwaambia kwamba wote ni wamoja, na kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Habari ilitembea kwa kunong'onezana, mdomo hadi sikio, na wenyewe waliita njwiywila. Watu walimiminika Ngarambe kutoka pande nyingi. Lakini pamoja na maji walipewa pia neno la kungoja. Vita visianze mpaka amri itoke.

Miezi ikapita. Wamatumbi waliendelea kulimishwa pamba kwa nguvu, chini ya maakida na viboko vyao, huku mashamba yao wenyewe yakiota majani. Mwisho wa Julai 1905, huko Nandete, wazee walichoka. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina ya pamba. Kung'oa pamba ya serikali hakukuwa uharibifu wa kawaida. Kulikuwa ndiyo tangazo la vita. Bendera ilipandishwa. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, naye hajatoa amri ile iliyokuwa ikingojwa.

Tangu hapo mambo yalifika kila mahali kwa mpangilio wake. Mwezi ule ule boma la Liwale, jirani zetu, liliangushwa na Wangindo, na aliyeitazama Liwale aliona maji yanafanya kazi. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge na kufyekwa kwa bunduki za mtombo. Aliyeitazama Mahenge aliona risasi ni risasi. Mwenye maji alikuwa amekwisha kufa karibu wiki nne, lakini maji yenyewe yalikuwa bado yakitembea. Wangoni wa Songea waliingia vitani mwezi Septemba, Mahenge ikiwa imekwisha kujibu swali ambalo wao walikuwa ndiyo kwanza wanaliuliza. Kila kundi lilitenda kwa karatasi iliyomo ndani ya sanduku lake. Vita vilipozimwa mwaka 1907 vilikuwa vimeua makumi elfu ya watu, wengi wao kwa njaa. Wajerumani wenyewe walikisia 75,000, na wanahistoria wengine wamefikia idadi inayozidi maradufu.

Je, nasema wazee wa Nandete walikosea? Siwezi kusema hivyo kwa wepesi, na hapa ndipo hoja yangu inapokutana na upinzani wa kweli. Kungoja kuna gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa. Anayesema "ngojeni" mara nyingi si yule anayechapwa. Kwa mtu aliyekuwa akilimishwa pamba, kila siku ya kungoja ilikuwa siku ya kiboko, na mpangilio mzuri wa vita vya mwakani haukumponya mgongo wa leo. Hata ndani ya mashine ni hivyo. Ukiwalazimisha makarani wote wafuate foleni moja katika kila kitu, kazi inapooza, wote wamesimama wakingojeana. Mpangilio kamili kila mahali ni aina ya ukandamizaji.

Tena kuna la kusema juu ya mbiu ya kwanza, ile ya maji yenyewe. Maji yalikuwa bendera iliyosema ndani ya sanduku kuna kinga. Kinga haikuwamo. Hata amri ingetoka kwa wakati, hata makabila yote yangeinuka siku moja, risasi zisingegeuka. Tusichanganye basi mpangilio na ukweli. Kanuni za kuachilia na kutwaa zinahakikisha tu kwamba kilichoandikwa kitaonekana. Hazina habari kama kilichoandikwa ni cha kweli. Uongo uliopangwa vizuri utafika vizuri. Kwa hiyo yapo madeni mawili, na moja halilipi jingine. Kuna deni la kweli, na kuna deni la mpangilio.

Deni la pili ndilo lisilojulikana, na nitatoa kisa kimoja nilichokishuhudia. Katika miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mgeni kutoka ofisi fulani alifika na orodha ya watoto waliochaguliwa kwenda sekondari. Siku hizo kijiji kupata mtoto hata mmoja wa sekondari ilikuwa sherehe. Orodha ilisomwa mbele ya mkutano, na ndani yake lilikuwamo jina la kijana aliyelelewa na bibi yake. Bibi yule aliuza ufuta wote aliokuwa ameuweka kwa mbegu, akanunua sanduku la bati, shuka mbili na kandambili. Wiki chache baadaye ilifika orodha nyingine. Ofisi ilieleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya mapendekezo. Uchaguzi ulikuwa haujakamilika iliposomwa. Jina la kijana halikuwamo.

Nimeifikiria sana orodha ile ya kwanza. Haikuwa ya uongo. Kijana alikuwa amependekezwa kweli, na aliyeisoma alidhani anatuletea heri mapema. Laiti uchaguzi ungemalizika kwanza, bibi yule angesikia tu kwamba mjukuu wake hakupata, na angelia kama wengine walivyolia, lakini mbegu zake angebaki nazo. Msimu ule alilima kwa mbegu za kuazima. Kijana alikwenda Somanga kuvua samaki na hakurudi tena kwenye mambo ya kusoma. Sanduku la bati nililiona nyumbani kwa bibi miaka mingi baadaye, likiwa limewekewa unga.

Dhuluma ile ilikuwa ya nini basi, kama si ya uongo? Ilikuwa ni kwamba mtu alipewa neno la kuegemea kabla ya ukuta kusimama. Na hapa naona jibu la swali langu. Mpangilio ni haki ya yule atakayeegemea neno lako. Mahali ambapo hakuna anayeegemea, hakuna anayedai. Katika mashine ipo kanuni ya tatu iitwayo legevu, nayo ni ya kazi kama ya kuhesabu. Watu wawili wanasimama kwenye milango miwili ya arusi, kila mgeni akiingia wanaongeza moja kwenye hesabu ileile. Nani aliingia kabla ya nani si kitu. La muhimu ni kwamba hakuna mgeni aliyepotea kwenye hesabu. Huko ulegevu si dhambi, ni busara. Lakini pale ambapo mtu atauza mbegu zake, atavua viatu, atahama nyumba au atashika mkuki kwa sababu ya bendera yako, hapo huna ruhusa ya kuipandisha kwanza na kutafuta barua baadaye. Haijalishi una haraka kiasi gani, wala nia yako ni njema kiasi gani.

Biashara yetu ya mazao inalijua jambo hili kuliko siasa yetu. Sheria ya stakabadhi za ghalani ilitungwa mwaka 2005, ikaanza kutumika katika korosho za kusini mwaka 2007, na baadaye ikafika kwenye ufuta. Mkulima anapeleka magunia chamani, yanapimwa, yanapelekwa ghalani, na mwenye ghala anatoa stakabadhi. Mnunuzi aliye mbali ananunua kwa karatasi, hajaliona gunia hata moja. Thamani yote ya karatasi ile imo katika mpangilio: kwanza mizani, kisha ghala, ndipo kalamu. Siku kalamu itakapotangulia mizani, hata kwa saa moja, hata kwa gunia ambalo kweli liko njiani linakuja, karatasi zote za ghala lile zitakuwa zimepungua thamani, zikiwamo zile za kweli. Maana mwenye kuegemea hawezi tena kujua ni ukuta upi umesimama.

Upande wa mpokeaji nao tumeufundishwa na simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wenye maduka wamejifunza kutotoa mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Wanangoja ujumbe wa kwao wenyewe, kisha wanatazama salio. Wengine huona ni kutoaminiana. Mimi naona ni kutwaa kwa maana ile niliyoieleza: kuiona bendera kwanza, halafu ndipo kulifungua sanduku, bila kukisia. Laiti tungeifanya hadhari hiyo kwa habari pia. Mtu anayesambaza tetesi za kifo cha jirani kabla familia haijatangaza hujitetea kwamba baadaye ilithibitika ni kweli. Ndiyo, ilithibitika. Lakini mjane aliisikia njiani, kutoka kwa mpita njia, kabla wazee hawajafika kumkalisha chini.

Najua yupo atakayeuliza: ikiwa kila mtu anaona mpangilio wake, nani ataamua lipi lilitangulia? Hili ndilo lililonikuta na wale ndugu wawili niliowataja. Walikuwa wakigombania shamba la mikorosho. Mkubwa alidai baba alimpa shamba kabla mdogo hajalisafisha. Mdogo alidai alikuwa amekwisha kusafisha kabla baba hajatamka lolote. Wote wawili walikuwa watu wa kweli, na mashahidi wao pia. Barazani kwetu kuna tabia ya kudhani kwamba mipangilio ikitofautiana, basi lazima mmoja ni mwongo.

Mjukuu wangu aliniambia kwamba Lamport yule yule, katika makala yake ya mwaka 1978, alionyesha kuwa kati ya watendaji walio mbalimbali haiwezekani kila mara kusema tendo lipi lilitangulia. Lakini pale ambapo ujumbe umetoka kwa mmoja ukafika kwa mwingine, mpangilio unajulikana bila shaka, kwa sababu kutuma hutangulia kupokea. Kilicho kati ya nyuzi hizo za ujumbe kinaweza kubaki bila mkubwa wala mdogo. Basi sikuwauliza tena ndugu wale ni tarehe gani. Niliuliza: ulipoanza kusafisha, nani alikuwa amekwambia nini? Na wewe, baba alipokupa neno, nani alikuwa amemletea habari ya kusafisha? Ikaonekana kwamba baba alitamka akiwa Kilwa Masoko kwa matibabu, na mdogo alisafisha akiwa hapa, na hakuna neno lililotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine katika siku zile. Hapakuwa na wa kwanza wala wa pili. Palikuwa na wawili waliotenda kwa nia njema pasipo kusikiana. Shamba liligawanywa kwa msingi huo, na hakuna aliyeondoka ameitwa mwongo. Hawakuwa wamefurahi sana, lakini siku hizi wanasalimiana.

Kwa hiyo mpangilio hauko angani kama kalenda, ukiwangoja wote kwa usawa. Tunautengeneza sisi kwa maneno tunayopeana. Kila nikikuambia "tayari", nimefunga uzi kati ya kazi yangu na kazi yako. Kabla ya neno hilo mimi na wewe tulikuwa makarani wawili, kila mmoja na kijidaftari chake, na ningeweza kupanga mambo yangu nipendavyo. Baada ya neno hilo umeanza kutembea juu ya kile nilichokiacha nyuma yangu. Ndiyo maana neno "tayari" ni zito kuliko maneno mengi tunayoyaogopa, na ndiyo maana linatutoka kwa wepesi usiostahili. Mwanasiasa huzindua kisima kabla ya maji. Fundi husema nyumba imekwisha, paa bado. Mchumba hutangazwa kabla ya kuulizwa. Wote hawa huweza kuapa kwamba hawakudanganya, na pengine kweli maji yatatoka, paa litaezekwa, na binti atakubali. Mimi nawauliza jambo moja tu: aliyesikia mbiu yenu akaacha jembe, katika siku zile za katikati, alikuwa amesimama juu ya nini?

Mwenye pembe hana haja ya kuwa nabii wala mtaalamu wa mashine. Atazame tu ndani ya sanduku kabla ya kuvuta pumzi. Na sisi wasikilizaji, tukiisikia sauti, twende, lakini tusigawane kilichomo kabla hatujafika. Bibi yule hakudai zaidi ya hapo.